Unataka Kazi ya Trela? Uliza Kwanza Nani Analipa Lori Ikikwama

Kila mtaa uko na hiyo stori: kuna msee alipata kazi ya trela na sasa anaomoka. Leo ako Mombasa, kesho kutwa Malaba, wiki ijayo Kampala. Kama uko na leseni ya CE mfukoni, lazima unajiuliza mbona wewe bado unasota. Poa, kazi iko. Lakini kabla uweke saini, elewa venye hiyo doo inaingia.

Kwa kampuni nyingi, dere analipwa kwa njia mbili. Kuna mshahara wa mwezi, halafu kuna maileji, ile pesa unapewa ukitoka na mzigo. Maileji ndio ya kula, kulala na mambo madogo ya barabara. Wengi hulala ndani ya kabini na kujipikia kando ya lori, ndio ibaki kitu ya kutuma nyumbani. Kwa hivyo dere akikuambia anapata thao hamsini, muulize ngapi ni mshahara na ngapi ni maileji.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme mshahara ni 25,000, na kila safari inakuachia 8,000 ukishakula. Mwezi wa safari nne unaenda nyumbani na 57,000. Safari zikikuwa mbili, ni 41,000. Ikiwa moja, ni 33,000. Landlord naye haulizi ulienda safari ngapi.

Sasa, safari hupungua aje?

Ya kwanza, mzigo wenyewe unaweza kuhama. Treni za mizigo za SGR zilianza 2018, na serikali ikasukuma kontena zipande treni kutoka bandarini hadi Nairobi, baadaye hadi Naivasha. Malori mengi ya Mombasa yakabaki yadi, na biashara za kando ya barabara zikafinywa pia. Septemba 2022, Rais Ruto alipoingia tu ofisini, akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Umeona? Uamuzi mmoja wa juu unaweza kukupunguzia safari, na wewe hujakosea mtu.

Ya pili ni mizani na mpaka. Mlolongo ilipata hilo jina juu ya foleni ya malori yaliyokuwa yanangoja mizani. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, lori kubwa zaidi, ile ya ekseli saba, haifai kupita tani 56. Hata kama uzito wote uko sawa, mzigo ukipangwa vibaya ekseli moja inaweza kuzidi, na hapo unasimamishwa. Ukifika Malaba, karatasi za forodha zikichelewa, hata ukiwa mkali kwa usukani utangoja tu. Wakati wa corona 2020, foleni hapo ilikuwa ya kilomita na kilomita, madere wakilala barabarani siku baada ya siku.

Hapa ndio noma iko. Mara nyingi maileji huhesabiwa kwa safari, haihesabiwi kwa siku. Safari ya siku nne ikigeuka tisa, pesa inabaki ile ile, lakini tumbo limekula siku tisa. Ucheleweshaji ni wa mpaka, bili ni ya dere. Ndio maana foleni ikifunguka, wengine hukanyaga usiku kucha kurudisha siku walizopoteza. Sheria ya Trafiki inasema dere wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya 24. Uliza watu wa Salgaa uchovu hufanya nini kwa mteremko.

Tukuje kwa marupurupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, yenye malipo. Baada ya miezi miwili kazini, ukiugua uko na angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Siku moja ya kupumzika kila wiki pia ni haki yako. Bosi anafaa kukupa mkataba wa maandishi na payslip. Mzigo ukiharibika, hawezi tu kukukata venye anajiskia: sheria inaongelea hasara uliyosababisha kimakusudi, na hata hapo akate kiasi cha haki. Ukiumia kazini, kuna sheria ya fidia inayoitwa WIBA, na ni jukumu la mwajiri kukulipia bima yake.

Lakini shika hii: vitu kama NSSF, malipo ya likizo na mkopo wa benki huanzia kwa kile kiko kwa payslip. Kama mshahara ni mdogo na pesa yako kubwa ni maileji ya mkononi, basi siku ukiugua au ukistaafu, unakuwa mtu wa mshahara mdogo. Maileji haikufuati kitandani.

Kwa hivyo ukiitwa, uliza haya maswali bila kuona haya. Maileji ni ya safari ama ya siku? Nikikwama mpakani, siku ya tatu nalipwa nini? Gari ikiwa gereji wiki mbili, mshahara unaendelea? NSSF na SHA zinalipwa kila mwezi? Bima ya WIBA iko? Halafu tafuta madere wawili wa hiyo kampuni huko nje ya geti, uwaulize mwezi wao mbaya zaidi ulikuwa wa pesa ngapi.

Hiyo ndio figa ya kupangia rent. Ya mwezi mzuri ikikuja, weka kando. Foleni ya Malaba haitangazwi mapema.