Juu ya nini programu ya ordinatere inahitaji macho ya wengi

Ku radio, mbele habari isomwe ku mikro, mwenzako anaisoma kwanza. Anaangalia majina, tarehe, na kama uliuliza pande zote mbili. Watengenezaji wa programu za ordinatere nao wana desturi kama hiyo. Tuchukue mufano wa Git.

Git ni nini? Ni chombo kinachotunza kila hatua ya kazi ya programu: nani alibadilisha nini, siku gani, na kwa sababu gani. Linus Torvalds aliianzisha mwezi wa ine 2005. Tangu mwezi wa saba mwaka ule, Junio Hamano njo anaiongoza.

Na Git yenyewe inabadilishwa namna gani? Kila mutu anaweza kupendekeza. Anatuma kwa barua pepe mistari ya kuondoa, yenye alama ya kutoa, na mistari ya kuongeza, yenye alama ya kujumlisha. Anaandika sababu, na anaweka jina lake kuhakikisha kama ana haki ya kutoa kazi hiyo.

Kisha wengine wanauliza: tatizo ni gani hasa? Kuna jaribio linaloonyesha kama limekwisha? Itaharibu kazi ya nani? Mwenye kupendekeza anasahihisha, anatuma tena, mara ya pili ao ya tatu. Ikikubaliwa, inapita kwanza ku tawi la majaribio, halafu ku tawi kubwa.

Na macho yakipunguka? Mwezi wa tano 2024, toleo 2.45.1 lilitoka kuziba matundu ya usalama. Kazi ya namna hii inafanyikaka kwa siri, na watu wachache, juu wezi wasijue tundu mbele lizibwe. Lakini waliongeza pia vizuizi vingine vya kujikinga zaidi, na vile vikaharibu kazi ya Git LFS, chombo cha kutunza mafaili makubwa. Watumiaji hawakuwa na kosa lolote. Kisha wiki mbili hivi, toleo 2.45.2 likaondoa vizuizi hivyo. Wakuu wa Git wenyewe walikubali kama walipitisha kipimo.

Kwa hiyo, kijana unayejifunza informatiki, mwenzako akikuuliza juu ya nini umebadilisha mustari fulani, usikasirike. Hakutafutii makosa. Anawalinda watu watakaotumia kazi yako bila hata kukujua.