Msuguano na Lori Linalotambaa Ndani ya Kompyuta

Lori limeegeshwa kwenye mteremko unaoshuka mita 15 kwa kila mita 100 za mlalo. Breki zimeyafunga magurudumu yote, na kizigeu cha msuguano baina ya mipira na barabara, yaani uwiano wa msuguano wa juu kabisa na kani inayozibana nyuso mbili, ni 0.6. Msuguano huo waweza kuhimili mara nne ya kani inayolivuta lori. Kwa hiyo lori halina budi kutulia. Lakini mhandisi akiliiga tukio hilo kwa kompyuta kwa njia iliyozoeleka, saa moja baadaye hulikuta lori limeteremka sentimita 90!

Kosa si la mashine. Mnamo 1785 Mfaransa Charles Coulomb, akiendeleza kazi ya Amontons ya 1699, alieleza kwamba msuguano hulingana na kani inayozibana nyuso, wala hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Kanuni hiyo hufaa sana kitu kikiwa mwendoni. Kitu kikitulia, msuguano hauna thamani moja: mvuto ukiwa mdogo nao ni mdogo, mvuto ukizidi nao huzidi, mpaka kikomo chake kifikiwe. Kompyuta hukokotoa msuguano kutokana na mwendo, na penye sifuri haina pa kushika.

Ndipo wahandisi hulainisha kanuni: msuguano huongezwa hatua kwa hatua, hata ufikie kikomo mwendo unapokuwa, tuseme, milimita 1 kwa sekunde. Lori letu lahitaji robo tu ya kikomo. Basi ili lizuiwe, sharti litembee robo milimita kwa sekunde. Mwanafunzi na azidishe kwa sekunde 3600.

Kuipunguza ile milimita hupunguza kutambaa bila kukukomesha, na hesabu huchukua muda mrefu mno. Njia bora zaidi ilitolewa na Dahl huko Marekani mwaka 1968, ikakamilishwa mwaka 1995 na watafiti wa Lund na Grenoble: nyuso huchukuliwa kama brashi mbili zilizoumana. Nywele hupinda na kushikilia mzigo pasipo mwendo; zikipinda kupita kiasi, huteleza. Kielelezo hicho chataka namba sita, zote za kupimwa, nazo hubadilika mafuta yakipata joto.

Hapo lori husimama. Hata hivyo, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2002, mvuto ukitikisika kidogo kidogo, hilo nalo huanza kutambaa.