Kipupwe na Boti Iliyopandishwa Pwani

Miongoni mwa matini ninazowapa wanafunzi wangu wa tafsiri ni mwongozo wa kuihifadhi boti ya mashine wakati wa majira ya baridi kule Ulaya. Wengi wao, kwa kufuata orodha za misimu walizozikariri shuleni, huandika "kipupwe" na kuendelea mbele bila kusita. Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa wenyeji wa pwani, kipupwe ni kipindi cha ubaridi kiasi kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo kusi huvuma kwa nguvu. Hakuna theluji wala barafu. Hata hivyo, ni wakati huo huo vyombo vingi vidogo hupumzishwa, kwani bahari huchafuka na kutoka nje ya miamba huwa ni kuhatarisha maisha. Mabaharia wa Uarabuni nao tangu kale walikiita kipindi kama hicho kufungwa kwa bahari. Basi kazi inafanana, lakini sababu ni mbalimbali.

Kule Ulaya adui ni barafu. Maji yanapoganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, na yale yaliyosalia ndani ya mtambo huweza kupasua chuma. Ndiyo maana mwongozo huagiza yatolewe yote au itiwe dawa ya kuzuia kuganda. Kwetu adui ni chumvi na unyevu. Mvuvi wa Lamu akipewa tafsiri sisisi, atanunua dawa asiyoihitaji, na huenda akaipuuza hatua iliyo muhimu kwake kuliko zote: kuisuuza mashine kwa maji baridi.

Hapo pana mtego mwingine. Mwanafunzi wa huku Nyanchwa, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Kisii, husoma "maji baridi" akafikiria maji ya kisimani asubuhi. Kwa mtu wa pwani, hayo ni maji yasiyo na chumvi, yawe ya moto au la.

Hatua zinazobaki zinafaa kokote, hata kwa boti za Ziwa Viktoria. Petroli imalizwe ndani ya kabureta ili isigeuke utomvu. Oili ya gia ibadilishwe. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kupenya. Plagi zifunguliwe, oili kidogo itiwe katika silinda, na mashine isimamishwe wima ili maji yaliyosalia yachuruzike.

Wanafunzi hudai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa shughuli hii. Dai hilo si kweli. Chombo cha mbao hupandishwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi cha kawaida, kisha hutegemezwa kwa magogo yanapokupwa. Nyufa baina ya mbao hukalafatiwa, yaani huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Neno kalafati lina ndugu zake katika Kiarabu na hata katika Kireno, ambamo fundi wa kazi hiyo huitwa "calafate". Sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wa baharini wasizitoboe mbao. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa.

Maneno haya yamo hatarini. Boti za faiba hazikalafatiwi wala hazihitaji deheni, na fundi anapoiacha kazi mwanawe hurithi maneno machache zaidi. Papo hapo, shuleni tunawafunza watoto methali "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" pasipo kuwaeleza kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini yanapokusanyika maji yanayovuja. Mtoto huandika maana ya methali akapata alama zote, ilhali picha yenyewe hajaiona.

Mwalimu wa bara asikate tamaa kwa kuwa hana bahari. Mtoto wa Kisii aliyewahi kuliona ekiage, ghala la wimbi, likisiliwa kwa samadi ya ng'ombe kabla ya mavuno kuingizwa, anaelewa mara moja kwa nini chombo hupakwa deheni. Aanzie hapo, kisha amchoree ubaoni mkuku, tezi, omo na ngama.

Kwa wanaojifunza tafsiri, nawausia wajiulize kila sentensi imeandikwa kwa ajili ya nani na kumkinga na nini. "Majira ya baridi ya Ulaya" ni maelezo marefu kuliko "kipupwe", lakini hayampotezi mvuvi fedha zake.