Maporomoko kwa Mtu wa Karungu: Geti ni Nafuu, Gari Ndilo Ghali

Mtu wa Karungu akitaka kwenda kuona maporomoko ya maji ndani ya mbuga ya kitaifa, swali lake la kwanza huwa ni kiingilio: pesa ngapi? Ana haki ya kuuliza, ila ameanzia mwisho wa hesabu. Ukitoka Sori, mji wetu wa Karungu kando ya ziwa huku Nyatike, mbuga iliyo jirani haina maporomoko ya kujivunia, maporomoko yaliyo jirani hayamo ndani ya mbuga, na yale yaliyomo mbugani yako mbali, tena huingii bila gari. Kinachoamua bei ya safari hii ni gari na idadi ya watu watakaoligawana. Kiingilio hufuata nyuma.

Chukua Makalia, maporomoko ya mbugani yaliyo rahisi zaidi kwetu kuyafikia. Yako kusini kabisa mwa Mbuga ya Ziwa Nakuru, kwenye mto wa jina hilohilo unaoshuka kutoka Mau na kuingia ziwani. Kutoka Sori unapita Ndhiwa, Rodi Kopany, Rongo, Kisii na Kericho, jumla kama kilomita 300. Tuseme mna gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita na petroli iko shilingi 180. Kwenda na kurudi ni lita 60, na kuzunguka ndani ya mbuga ongeza tano. Hiyo ni shilingi 11,700 za mafuta peke yake. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alilipa 860 getini Nakuru, na gari lenye viti visivyofika sita lililipa 300. Watu watano, dereva akiwa mmoja wao, wangetoa 4,600 getini. Kwa kila kichwa, mafuta ni 2,340 na geti ni 920.

Sasa mwondoe kila mtu abaki mwenye gari peke yake. Geti kwake ni 1,160, lakini mafuta ni yaleyale 11,700. Safari iliyomgharimu kila mmoja 3,260 wakiwa watano inamgharimu yeye 12,860. Viwango vipya vilivyotangazwa kuanza Oktoba 2025 vilipandisha kiingilio cha Nakuru kwa raia hadi 1,500, na watu wakalalamika sana. Hata hivyo, kwa anayetoka huku kwetu, nyongeza hiyo ya 640 ni ndogo kuliko hasara ya viti viwili vitupu garini. Kabla ya kuchangisha watu, fungua eCitizen usome kiwango cha siku hiyo, maana bei ya tangazo la mwaka jana haikusaidii getini.

Wasio na gari wana njia mbili. Ya kwanza ni kukodi matatu nzima kutoka nyumbani, na kundi la kanisa au chama huipenda kwa sababu watu wanaimba njia yote. Bei yake ni ya makubaliano, kwa hiyo ulizeni mapema ni nani anayejaza mafuta, ni nani anayemlipia dereva chakula na kitanda, na kama bei inahusu siku moja au mbili. Jueni pia kwamba mbuga hutoza magari kwa idadi ya viti. Kwa viwango vya zamani, gari la viti 6 hadi 12 lililipa 1,030, na la viti 13 hadi 24 likalipa 2,585. Matatu ya abiria 14 inaangukia kundi hilo la pili. Mkigawana ni kama shilingi 185 kila mtu, pesa ndogo, ila ni pesa ambayo mweka hazina asiyeijua huishia kuitoa mfukoni mwake.

Njia ya pili ni kupanda matatu za kawaida hadi Nakuru, mkalala mjini, na asubuhi mkakodi gari la watalii lenye paa la kuinuka. Gharama ya kulala hapa haiepukiki. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na anayetoka Sori alfajiri kwa matatu za kuunganisha atafika Nakuru siku imeshakatika. Gari la kukodi hulipiwa zima, si kwa kichwa, kwa hiyo jazeni viti. Halafu mwulizeni dereva waziwazi: utatufikisha Makalia? Madereva wengi wana mzunguko wao wa ufuoni, wa faru na nyati, kisha kupanda Baboon Cliff kupiga picha na kurudi. Makalia iko upande wa mbali, inakula mafuta yao, na msipoitaja kabla ya kukubaliana bei mtaambiwa muda umeisha. Mkiwa na gari lenu, geti la Nderit liko karibu zaidi na maporomoko kuliko la Lanet.

Kitu kingine ambacho hakuna atakayewaambia getini ni kama maji yapo. Makalia ni maporomoko ya msimu. Mau ikipata mvua ya kutosha, maji yanaporomoka kwa kishindo. Ukienda Februari au mwanzo wa Machi katika mwaka wa ukame, unaweza kukuta jiwe jeusi na uzi mwembamba wa maji, na kiingilio hakipungui kwa sababu hiyo. Safari nyingi za kwetu hupangwa Desemba, na kwa Makalia mwezi huo ni wa kubahatisha. Mei baada ya masika, au Agosti shule zikifungwa, ni afadhali. Ukiona bonde limekauka, basi umelipia faru, nyati, pundamilia na ziwa, navyo si haba. Lakini uwe umekwenda ukijua hivyo.

Kama kiu yako ni maporomoko yenyewe, mimi ningepita Nakuru bila kusimama na kuendelea hadi Nyahururu, kama kilomita 65 mbele. Maporomoko ya Thomson hayamo ndani ya mbuga yoyote, na hapo ndipo unafuu wake ulipo. Mto Ewaso Narok unaanguka mita 74 hivi kwa mkupuo mmoja, mita chache kutoka barabarani, pembeni mwa mji wenye matatu, vyumba vya bei ya kawaida na chai ya moto. Jina lililobaki ni la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo mwaka 1883. Unalipa ada ndogo mlangoni, unatembea kwa miguu yako, na ukitaka unashuka ngazi hadi chini ambako manyunyu yanakulowesha. Hukodi gari, hulipii viti, wala humbembelezi dereva. Mtu mmoja aliyetoka Sori na mkoba wake mgongoni anaweza kuifanya safari hii kwa nauli za matatu na kitanda cha usiku mbili. Ni hapa tu, kati ya sehemu zote za mbali, ambapo msafiri wa peke yake haadhibiwi kwa kuwa peke yake. Atakachokosa ni wanyama. Na abebe sweta, tena zito: Nyahururu iko juu ya mita 2,300, na mtu aliyezoea joto la ziwa hutetemeka huko hata saa nne asubuhi.

Wapo watakaosema maporomoko ya kweli ya Kenya yako Aberdare, na ni kweli. Karuru huteremka kwa hatua tatu, mita 117, kisha 26, kisha 130, jumla mita 273, na Gura inaanguka upande wa pili wa bonde. Lakini barabara za juu kule zinahitaji gari linalosukuma magurudumu yote manne, hasa mvua ikinyesha, na gari la namna hiyo hukodishwa kwa bei ya kuumiza. Toka Karungu ni siku moja kwenda, moja ya kuona, moja ya kurudi. Kwa familia ya watu wanne siwezi kuipendekeza. Kundi la marafiki wenye kazi, ambao tayari wako Nairobi au Nyeri kwa shughuli nyingine, hao waende.

Murchison, huko Uganda, nayo huingia kwenye mazungumzo kila mara, kwa kuwa mpaka wa Busia si mbali sana na sisi. Mto Nile unabanwa kwenye mwanya wa mita saba hivi na kuanguka kama mita 43. Nguvu hiyo huwezi kuilinganisha na chochote kilichoko Kenya. Mkenya anavuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, na mbugani anatozwa kama raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi za Uganda, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na dola anazolipa mgeni wa mbali. Hapo ndipo watu hudanganyika. Geti ni rahisi, lakini kutoka Kampala hadi mbugani ni kama kilomita 300 nyingine, mashua ya kutoka Paraa ina nauli yake, na gari la ndani ya mbuga lina bei yake. Kama una ndugu Kampala wa kukulaza na siku nne au tano za likizo, nenda. Ukiwa na wikendi moja, utaiona zaidi barabara.

Nimeacha ya nyumbani mwisho kwa sababu ndiyo yanayodharauliwa. Ruma ndiyo mbuga yetu, kwenye Bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120 tu. Ilianza kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Haina maporomoko. Ina korongo, swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya yumo humo tu, pamoja na twiga, nyati na faru. Hata ukihesabu kilomita 160 za kwenda kutoka Sori, kuzunguka na kurudi, mafuta ni lita 16, yaani shilingi 2,880 kwa gari zima. Hulali popote. Lipo tatizo la udongo: ule mweusi wa Lambwe ukilowa, gari dogo linateleza na kunasa, na gharama ya kulivuta nje ni juu yako. Bonde hilo lilijulikana zamani kwa malale, na mbung'o hawajaisha. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta, vaa rangi iliyofifia. Bodaboda haikuingizi kuzunguka kati ya nyati, kwa hiyo hapa nako ni gari, ila ni gari la nusu siku.

Na maporomoko? Yapo Gogo, hapahapa Nyatike, kwenye Mto Kuja ambao Abagusii huuita Gucha. Si mbuga na si bustani ya watalii. Ni kituo cha umeme cha KenGen cha megawati 2, kilichojengwa miaka ya 1950 kuupa nguvu mgodi wa Macalder, na kinaendelea kuzalisha. Kwa sababu hiyo usifike na basi la watu 40 bila kuomba ruhusa. Walinzi ndio wataamua msimame wapi, na mitambo si ya kupigwa picha. Wakati wa kiangazi maji mengi huelekezwa kwenye mitambo na mwamba hubaki mtupu; Aprili na Mei mto huja mwekundu, umejaa, nao ndio wakati wa kuutazama kwa mbali na kuwashika watoto mikono. Wanaakiolojia walichimba hapo miaka ya 1980 wakakuta vyungu na mifupa ya watu waliofuga ng'ombe na kuvua samaki kabla yetu sote. Mwalimu wa historia anayepita hapo bila kusimama akilipeleka darasa lake Nakuru ya mbali amefanya kazi nusu. Angesimama hapo, kisha aongeze Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018: zinatembelewa kwa miguu, na kiingilio ni cha makavazi, hakidai gari.

Kwa hiyo kwa familia yenye gari na bajeti ya shilingi elfu kumi, mimi ningeifanya Ruma siku moja na Gogo pamoja na Thimlich Ohinga siku nyingine, na chenji ingebaki. Kwa kijana peke yake, Nyahururu. Kwa chama cha watu 12 hadi 14 walioweka akiba mwaka mzima, Nakuru na Makalia, mwezi wa Agosti, kwa kulala usiku mmoja. Shule ziandike barua mapema kwa KWS, shirika linalosimamia mbuga, kuomba kiwango cha wanafunzi, ambacho kiko chini ya cha watu wazima. Mwalimu anayekumbuka barua asubuhi ya safari hulipa bei kamili.

Lipieni kabla ya kuondoka Sori, mkiwa na mtandao mzuri, na mwenye simu iliyolipa awe ndani ya gari, kwa kuwa mageti ya KWS hayapokei noti. Bebeni chakula chenu, chapati na mayai ya kuchemsha yanatosha, lakini kifungieni garini mkifika Makalia, kwa kuwa nyani wa pale hawaogopi mtu. Maji yawe kwenye chupa ngumu za kujazwa tena: tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga, na katoni ya maji mliyonunua Kisii itabaki kwa askari wa geti.