MTOTO ANAYEKULA KIDOGO: USIMWONDOE KWA ZIWA KWA HARAKA



Siku ya kipimo kuna swali moja linalorudi kila mara. Mama analeta mtoto wa mwaka 1 na miezi kidogo, anasema: «Mganga, huyu mtoto anakataa chakula. Vijiko viwili tu, anafunga kinywa, anataka ziwa. Koko yake anasema nimutoe kwa ziwa, njaa itamufundisha kula. Ni kweli?»

Hapana, mama, si kweli. Umfundishe kwanza kula, na ziwa litapungua polepole. Mtoto anayeondolewa ziwa mbele ya kujua kula anapoteza chakula kizuri alichokuwa nacho, na kile kingine hajakipata bado. Katikati ya hivi viwili ndipo bwaki inaingia.

1. BWAKI NA ZIWA

Hapa kwetu Kivu kila mama anajua bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi na kung'oka, ngozi inabanduka, mtoto anakuwa na huzuni na hataki kuchezea kitu. Waganga wa Ulaya wanauita kwashiorkor. Jina hilo si la Kizungu. Ni la watu wa kabila la Ga, katika inchi inayoitwa leo Ghana. Mwanamke mmoja mganga, Cicely Williams, alifanya kazi kule, na mwaka 1933 aliandika juu ya ugonjwa huu. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina lile alilolisikia kwa wamama wenyewe. Maana yake ni ugonjwa ambao mtoto anaupata wakati mdogo wake anapozaliwa. Wamama wale walikuwa wameona vizuri: mtoto aliyesukumwa mbali na ziwa ndiye aliyevimba.

Leo tunajua kwamba kuondolewa ziwa si sababu peke yake. Surua, kuhara na magonjwa mengine yanasaidia bwaki kuingia. Lakini onyo la wale wamama lingali kweli.

Angalia sababu yake. Toka miezi 6 mpaka mwaka 1, maziwa ya mama yanaweza kumpa mtoto nusu ya nguvu anayohitaji, hata zaidi. Toka mwaka 1 mpaka miaka 2 yanaweza kumpa sehemu moja katika tatu. Tena yanamsaidia kupigana na magonjwa. Ukiyaondoa ghafula, unaweka nini mahali pake? Mara nyingi ni bugali wa muhogo na mchuzi kidogo. Muhogo unajaza tumbo, lakini hauna vya kutosha vya kujenga mwili. Mtoto anashiba, na huku mwili unakonda au unavimba.

2. KWA NINI ANAKULA KIDOGO?

Mbele ya kumlaumu mtoto, tafuta sababu.

Pengine hali kidogo. Utazame fishi ya kipimo. Kama mstari unapanda kila mwezi, na mtoto anacheza, basi anapata kinachomfaa, hata kama mtoto wa jirani anamaliza sahani kubwa. Kama mstari umelala au unashuka, hapo kuna neno.

Pengine ni mgonjwa. Mtoto mwenye malaria, kikohozi, masikio yanayouma au utando mweupe kinywani hawezi kutamani chakula. Mtoto aliyekosa damu anapoteza hamu ya kula vilevile. Tazama viganja vyake na ndani ya midomo: kama ni vyeupe, mlete.

Pengine tumbo limejaa maji. Chai asubuhi, maji ya sukari mchana, uji mwepesi jioni. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba karibu kikombe 1 tu. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Tena chai inazuia mwili kupata chuma cha chakula, na chuma ndicho kinachofanya damu. Na kasiksi, hata tone moja, si ya mtoto.

Pengine ananyonya usiku kucha. Hii si mbaya kwa mtoto mdogo. Lakini aliyepita mwaka 1, akinyonya toka jioni mpaka asubuhi, anaamka bila njaa.

Pengine anakula peke yake, au katika sahani moja na ndugu zake wakubwa. Mkubwa anakamata matonge matano, mdogo hajamaliza moja. Mama anarudi toka shamba, anaona sahani imeisha, anasema: «Wamekula.» Nani amekula?

Pengine anaogopa. Mtoto aliyefungwa mikono na kumwagiwa uji kwa nguvu anajifunza neno moja: kijiko ni adui. Tena uji unaweza kuingia njia ya pumzi na kumletea hatari.

3. UJI UNAOSHIKA KWENYE KIJIKO

Chukua kijiko cha uji, ukiinamishe. Kama uji unamwagika sawa maji, ni mwepesi mno. Uji mzuri unakaa kwenye kijiko, unaanguka polepole.

Unga: vikombe 2 vya mahindi, kikombe 1 cha mtama, kikombe 1 cha soya. Soya uichague, uioshe, uianike, kisha uikaange vizuri mpaka inukie na kuwa na rangi ya kahawia, ndipo uisage. Soya mbichi inasumbua tumbo na inazuia mwili kutumia vyakula vya kujenga. Koroga unga katika maji baridi kwanza, kisha pika. Ukichemka, uache kwenye moto dakika 15 mpaka 20.

Mbele ya kumpa mtoto, ongeza kitu katika bakuli yake:
– kijiko kidogo cha mafuta ya mawese, yale mekundu. Yanaleta nguvu na yanasaidia macho;
– au kijiko cha kalanga zilizosagwa. Kalanga zenye ukungu uzitupe, zina sumu;
– au kijiko cha ndakala zilizokauka, zilizotwangwa na kuchungwa vizuri zisibaki miiba.

Kama hakuna soya, usikate tamaa. Ponda maharagi yaliyoiva sana, uondoe maganda. Ponda kiazi, ndizi ya kupika au avoka. Sombe iliyotwangwa na kupikwa sana, pamoja na kalanga na ndakala, ni chakula kizuri cha mtoto. Lengalenga vilevile. Yayi moja, likiiva vizuri, linamfaa toka miezi 6. Haitaji kungoja meno. Wamama wengine wanasema yayi litamfanya mtoto kuwa mwizi. Mwizi hafanywi na yayi, mama. Asali peke yake ndiyo usimpe mbele ya mwaka 1.

Usitumie biberoni. Ni ngumu kuosha, na uchafu wake unaleta kuhara. Kikombe na kijiko vinatosha. Nawa mikono kwa sabuni, ya kwako na ya mtoto.

4. KIASI GANI, MARA NGAPI?

Tunahesabu kwa kikombe cha mililita 250.

Miezi 6 mpaka 8: anza na vijiko 2 au 3 kila mara, upande polepole mpaka nusu kikombe. Mara 2 au 3 kwa siku.

Miezi 9 mpaka 11: nusu kikombe. Mara 3 au 4 kwa siku.

Mwaka 1 mpaka miaka 2: robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima. Mara 3 au 4 kwa siku.

Toka miezi 9, katikati ya chakula, mpe kitu kidogo mara 1 au 2: papai, ndizi mbivu, avoka. Na ziwa linaendelea, mpaka miaka 2 au zaidi.

5. NAMNA YA KUMFUNDISHA

Mpe bakuli yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo. Hapo utajua kweli amekula nini.

Ukae mbele yake, mutazamane, useme naye. Kula ni kazi mpya kwake. Wewe ulijifunza kulima kwa siku moja?

Akisukuma chakula kwa ulimi, usiseme «hapendi.» Ulimi wake ungali unafuata kazi ya kunyonya. Jaribu tena kesho. Kuna chakula ambacho mtoto anakikataa mara nane au kumi, kisha anakipokea.

Akifunga kinywa, ngoja kidogo, ujaribu tena. Akigeuza kichwa mara nyingine, acha. Usimpige, usimfunge mikono. Nyuma ya saa mbili, mpe tena.

Mwache aguse, achafuke. Mtoto wa miezi 9 anaweza kushika kipande laini cha kiazi.

Kama amepita mwaka 1, tanguliza chakula, kisha ziwa. Asubuhi akiamka, usimpe ziwa moja kwa moja saa nzima. Mpe uji akiwa na njaa, kisha anyonye. Mtoto chini ya mwaka 1 umwache anyonye kila anapotaka.

Ukienda shamba, umwonyeshe yule anayebaki naye namna ya kulisha, na umwachie chakula kilichopimwa. Msichana wa miaka 7 hawezi kujua peke yake.

Na wababa wasikilize. Pesa ya ndakala na mayayi ni pesa ya dawa iliyolipwa mbele ya ugonjwa.

6. SIKU YA KUMWACHISHA IKIFIKA

Afadhali mtoto awe na miaka 2, awe anakula vizuri, na asiwe mgonjwa. Usimwachishe wakati wa kuhara, wala wakati wa homa, wala wakati wa njaa ya kijiji.

Usipake pilipili wala majani machungu wala kinini kwenye ziwa. Usimtume ghafula kwa koko yake. Kwake ziwa na mama ni kitu kimoja. Ukiondoa vyote viwili siku moja, atalia na kukataa hata chakula alichokuwa anakula.

Fanya hivi. Ondoa wakati mmoja wa kunyonya, kwa mfano ule wa mchana, mahali pake weka chakula au tunda. Kaa hivyo juma moja. Akizoea, ondoa mwingine. Ule wa usiku uwe wa mwisho. Umbebe na kumwimbia vilevile kama mbele. Kazi hii inaweza kukamata miezi miwili. Na maziwa yako yatapungua bila kuuma. Kama ziwa limejaa na kuuma, kamua kidogo tu, usilifunge kwa kitambaa cha kukaza. Likiwa jekundu na moto, na wewe una homa, njoo.

Katika Biblia, Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Hana alikaa nyumbani na Samweli mpaka alipomwachisha. Kwao ilikuwa siku ya furaha, haikuwa adhabu ya mtoto.

7. KAMA UNA MIMBA, AU UNAKUNYWA DAWA YA SIDA

«Maziwa ya mwenye mimba ni sumu.» Tunasikia hivyo mahali pengi. Si kweli, mama. Unaweza kuendelea kunyonyesha, wewe ukila zaidi. Kama unatokwa damu, au ulipoteza mimba mbele, uulize kwanza kituoni. Na ujue hili: wakati mtoto ameanza kula, kunyonyesha hakukukingi tena sawasawa na mimba. Njoo na baba wa mtoto, tusemezane juu ya kupanga uzazi. Ni vizuri kungoja miaka 2 nyuma ya kuzaa, mbele ya kutafuta mimba nyingine.

Mama mwenye virusi vya sida anayekunywa dawa kila siku bila kuacha anaweza kunyonyesha, pamoja na kumpa chakula, mpaka mwaka 1 hata miaka 2. Usiache dawa, na usiache ziwa ghafula kwa woga. Uulize mganga wako.

Kama ilikuwa lazima ziwa kuisha mbele ya miaka 2, mtoto huyo ahitaji kula mara 4 au 5 kwa siku, pamoja na vikombe 1 au 2 vya maziwa yaliyochemshwa. Asiye na maziwa apate ndakala, yayi au nyama kila siku. Kama hana hata mwaka 1, njoo kwanza kituoni.

8. USINGOJE, NJOO

Mlete mtoto siku ileile kama:
– miguu yote miwili inavimba. Bonyeza kwa kidole: kama shimo linabaki, ni hatari;
– utepe wa mkono unaonyesha nyekundu, chini ya sentimita 11 na nusu. Manjano, toka 11 na nusu mpaka 12 na nusu, ni onyo: njoo juma hili;
– hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu;
– anahara damu, au macho yameingia ndani;
– anapumua mbio, ana homa kali, au amelegea.

Mlete vilevile, bila haraka, kama kipimo hakipandi miezi miwili. Na kila miezi 6 apate tone lake la vitamini A. Toka mwaka 1 apate dawa ya minyoo. Chanjo ya surua ya miezi 9 asiikose.

Mama, usione haya kuja na mtoto aliyekonda. Hatukuite kukuhukumu. Leta fishi yake, leta na koko yake, maana shauri la nyumbani ni lake pia. Tutapika uji pamoja, na utaona mwenyewe namna anavyofungua kinywa.

Mungu awabariki na awalindie watoto wenu.