Sungura Anayeomba Radhi

Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Madaftari yamejaa barabarani, vitabu vya shule vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ukivitafuta utavipata. Kitabu cha hadithi cha kumsomea mtoto wa miaka sita, mpaka ukifuate mbali. Simu iko mkononi. Ndivyo mimi na binti yangu tulivyoanza kusoma hadithi zinazotungwa na akili mnemba.

Unaiandikia programu kama ChatGPT au Gemini: tunga hadithi fupi ya mtoto wa darasa la kwanza, Sungura na Fisi wako sokoni Kariakoo. Chai haijapoa, hadithi imefika, ukitaka na picha zake. Programu imefunzwa kwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa yakiwa ya Kiingereza, nayo hukisia neno gani lifuate. Picha pia ni makisio. Soko letu, lile jengo la zege alilosanifu Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975, programu ilituchorea kama mabanda ya makuti chini ya miembe. Binti yangu akauliza hapo ni kijijini kwa nani.

Picha nilicheka. Kinachonikera ni Sungura. Anaiba nyama, anajuta, anaomba radhi, kisha yeye na Fisi wanakula pamoja! Sungura niliyekua naye hula akatimka, lawama akamwachia Fisi. Programu hizi zimefundishwa zisimuudhi mtu, na upole huo umemmaliza Sungura wa watu.

"Mama, Sungura anaumwa?" binti yangu aliuliza.

Tukabishana, na nadhani faida yote iko kwenye ubishi huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake, Marekani, waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka kama miwili kuuliza maswali wanapowasomea vitabu vya picha, na kumwacha mtoto aeleze. Baada ya mwezi mmoja watoto hao waliwapita wenzao kwa kujieleza. Basi sauti ya simu naizima, nasoma mwenyewe, nasimama katikati: ungekuwa Fisi, ungefanyaje? (Jina kamili la binti yangu, shule na picha yake siviingizi kwenye programu. Programu haiendi kumchukua shuleni.)

Nikipata nafasi tunatembea hadi Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Kitabu cha pale kina mtunzi na mhariri waliokipitia kabla yangu. Cha kwenye simu sina budi kukisoma peke yangu kwanza, maana mhariri ni mimi.

Juzi binti yangu aliagiza mwisho wake: Sungura asiombe radhi, apande bajaji akimbie. Programu ikatii, ikampandisha bajaji, halafu chini ikaongeza aya ya kuwaasa watoto wasiibe.

"Hiyo futa," akasema.