Reli ya Vitongoji: Jinja na Mbale Zina Funzo

Kamanda mwema huipeleleza ardhi kwanza, ndipo akatoa amri ya kusonga mbele. Kanuni hiyo humpasa pia mpangaji wa reli. Tangu Jinja na Mbale zilipopewa hadhi ya majiji tarehe 1 Julai 2020, wafanyakazi wengi huishi vitongojini na kufanya kazi mjini, na wazo la treni nyepesi ya kuwabeba asubuhi na jioni si ndoto ya mchana. Swali ni moja: njia ipite wapi?

Historia yetu yatoa jibu. Mwaka 1912 ilifunguliwa Reli ya Busoga, tawi lililotoka Jinja kuelekea kaskazini hadi Namasagali. Tawi hilo halikujengwa kwa ajili ya miji. Lilijengwa kuzifuata meli za Ziwa Kyoga zilizoleta pamba. Kwa muda lilistawi, na mwaka 1928 reli kutoka Nakuru ilikuja kuungana nalo Mbulamuti. Lakini mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 ziliyainua maji ya ziwa na kuharibu gati, na mwaka 1964 reli ya kaskazini ikafika Pakwach na kuichukua mizigo. Meli zilipokoma, tawi likakosa kazi. Majengo ya bandari yakageuka kuwa shule, yaani Chuo cha Namasagali.

Mbale ni kinyume chake. Reli ya kutoka Tororo ilipitia mji huo na kufika Soroti mwaka 1929. Baadaye njia hiyo ilikaa miaka mingi bila treni kwa sababu ya vita na uchakavu. Hata hivyo haikupoteza maana, kwa kuwa iliunganisha miji yenye watu na masoko. Ndiyo maana mwaka 2023 kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilikabidhiwa kazi ya kuikarabati kutoka Tororo hadi Gulu.

Funzo ni dhahiri. Tawi linalotegemea shehena ya aina moja hufa pamoja na shehena hiyo. Tawi linalowafuata watu laweza kulala na kuamka tena. Aidha, si lazima kuanza na ardhi mpya. Treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve, iliyoanza mwaka 2015, ilitumia njia ile ile ya mizigo. Jinja nayo ina njia kuu na daraja la Mto Nile la mwaka 1931, liiunganishalo na Njeru ng'ambo ya pili.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoingia, ndugu askari na polisi. Mataruma ya chuma yameng'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Vibanda na mashamba vimeingia katika hifadhi ya reli. Kila taruma linaloibwa leo ni gharama kwa mlipa kodi kesho, na kila kibanda kinachoachwa kiote mizizi ni familia itakayohamishwa kwa machozi. Ni heri kumwonya mwananchi kwa upole kabla hajaweka msingi kuliko kumbomolea akiwa na watoto ndani.

Mhandisi huchora ramani, nasi tuilinde ardhi aliyoichora. Reli isiyolindwa haingoji adui aje kuiharibu.